Kikombe cha Mawese pa Mulango wa Shimo

Jiwe lenye dhahabu halitaki kubembelezwa. Kwetu, upande wa Salamabila, unaweza kulipiga nyundo tangu asubuhi mpaka viganja vinapasuka, nalo linakutazama tu kama mukwe aliyekasirika. Kwa hiyo tulilichoma. Tuliteremusha mipira mizee ya magurudumu ya kamiyo, yale malori makubwa, mpaka mwisho wa shimo, tukaisimamisha penye uso wa jiwe, tukamwaga petroli kidogo. Mutu mumoja aliwasha, kisha akatoka mbio kwa magoti na viwiko, maana mule hakuna fasi ya kusimama. Moto ulikula siku nzima. Ukiweka sikio pa mulango wa shimo ulisikia jiwe likipasuka kule ndani, kama mutu anayevunja mifupa ya ng'ombe kwa shoka.

Kesho yake tuliingia na nyundo. Jiwe lilikuwa lingali la moto, na moshi ulikuwa ungali umelala mule kama nyama wa pori anayekataa kutoka. Moshi wa kuni unakuliza kisha unakwenda zake. Moshi wa mipira unakaa. Unashika ukuta, unashika nywele, unashika bugali yako ukiwa ungali unaitia kinywani. Ukipenga kamasi, nyeusi. Ukitema mate, meusi. Tuliona na tulicheka. Tuliitana makaa. Wewe kaa, njoo ubebe hii nyundo.

Miye ninayeandika haya nimekwisha kuzeeka. Ninakaa Kasongo kwa binti yangu, na nikitaka kukohoa ninakwenda nyuma ya nyumba, wajukuu wasione ninachotema. Shule niliiacha darasa la tatu. Mwalimu wetu alipenda kupiga vidole kwa ukingo wa rula, na miye niliandika kwa mukono wa kushoto, basi vidole vyangu ndivyo vilikuwa ngoma yake. Siku moja niliishika ile rula, nikaivunja mbele yake, nikaenda kulima. Ninaandika namna ninavyosema. Mutanivumilia.

Sasa tuseme mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi. Kwetu mutoto akimeza petroli, mama yake anakimbilia mawese. Mutu akirudi toka kula kwa watu na tumbo linamukata, anadhani amepewa sumu, anakunywa mawese kikombe kizima ili atapike. Nimeona watu waliopona hivyo, ao walisema wamepona. Basi mwenye shimo letu akafikiri: kama mawese yanaondoa sumu, yataondoa na moshi. Tulimuita PDG. Huko migodini kila mwenye shimo ni PDG, sawa wakubwa wa kampuni, hata kama amevaa kandambili. Akaweka sheria: kila mutu anayeingia baada ya moto, anakunywa kwanza kikombe kimoja cha mawese, ili moshi uteleze uende chini. Wale wanaobaki juu kuvuta kamba na kuosha muchanga hawakunywi, mafuta yasiharibike bure.

Aliyemimina yale mafuta ni yaya yangu. Ni mukubwa wangu, tumbo moja, mama yetu mumoja Mubangubangu. Mume wake alipokufa kule Lusangi, ndugu za mume walichukua mpaka mulango wa nyumba, wakaung'oa, wakaenda nao. Yaya akabeba sufuria zake, akanifuata shimoni. Alipika bugali na sombe, majani ya mihogo, chini ya hema la plastiki, na wachimbaji wote walikula kwake. Alikuwa na kinywa. Mutu akilalamika ya kuwa kikombe hakikujaa, alimwambia afungue kinywa vizuri, anakunywa kama bibi arusi mbele ya wakwe. Wote walicheka, na yule mwenyewe alicheka, kisha akatambaa shimoni na mudomo unang'aa mafuta.

Wa kwanza kukohoa alikuwa yule aliyezoea kubeba gunia la mawe shingoni huku anapiga mluzi. Alianza kikohozi kidogo, sawa mutu anayesafisha koo kabla ya kutoa hotuba. Ile hotuba hakuitoa kamwe. Mluzi ulikwisha, kisha gunia likamushinda, kisha ngazi ya shimo ikamushinda. Alipokufa tulimubeba juu ya mukeka kwa mikono mitupu, mwepesi kama kuku. Wa pili alikufa juu ya pikipiki, njia ya Kabambare, amefungwa kwa kamba ya mupira mugongoni mwa dereva ili asianguke. Dereva aliendesha akiongea naye, akimupa moyo, na alipofika ndipo alipojua ya kuwa alikuwa anaongea na maiti. Yule dereva nilimuona baadaye. Hakutaka tena kubeba wagonjwa, hata mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Wa tatu alikuwa mudogo wa PDG.

Hapo mambo yakawa mengine. Watu wawili wa kwanza walikuwa watoto wa wengine, lakini huyu alikuwa damu ya mwenye shimo. Watu wakakaa wakahesabu kwa akili, na nitasema kweli, akili yao ilikuwa nzuri. Ndiyo iliyonitia woga. Walisema: nani anakufa? Wanaokunywa mafuta. Nani iko muzima? Wanaovuta kamba. Wanaovuta kamba wanakula bugali ile ile, wanalala udongo ule ule, wanakunywa maji ya kijito kile kile. Lakini mafuta hawakunywi. Basi kifo kiko ndani ya mafuta. Na mafuta yanatoka mukononi mwa nani? Hakuna aliyesema ya kuwa wanaokunywa mafuta ndio wale wale wanaoingia penye moshi. Moshi tulikuwa tumekwisha kuuzoea. Haukuwa kitu cha kushitaki.

Siku ya kilio cha yule kijana jua lilikuwa kali. Maiti ililala chini ya turubai, wanawake wakilia, wachimbaji wamekaa juu ya mawe. Yaya alikuwa anasonga bugali ya watu wa kilio. PDG akatoka penye maiti, akaenda moja kwa moja jikoni, akapiga teke sufuria. Bugali ya moto ilimwagika juu ya miguu ya yaya. Kabla yaya hajalia, PDG alikwisha kumushika kitambaa cha kichwa pamoja na nywele, akamuburuta mpaka katikati ya uwanja.

"Mama, ulimupa nini mudogo wangu?"

Yaya akamujibu ya kuwa alimupa kile kile alichomupa yeye PDG mwenyewe. Hilo jibu ni la kweli, lakini lilikuwa jibu baya, maana PDG naye alikuwa anakohoa tangu mwezi uliopita, na alikuwa anaficha. Nilimuona uso unabadilika. Alidhani amesikia kifo chake kikitajwa.

Akamupiga. Wengine wakaingia. Nimeona vita katika hii nchi, nimeona watu wenye bunduki, lakini sikuona bado watu ninaokula nao wakimupiga mama aliyewapikia. Mumoja alikuwa na mpini wa nyundo. Nilisikia mukono wa yaya ukivunjika, mule juu ya kiwiko, na sitaandika ile sauti ilifanana na nini. Nilikimbia kati yao. Wakanishika, mutu akanipiga na jiwe hapa mudomoni. Meno ya mbele ambayo sina, yalibaki pale Salamabila. Wakanilalisha kifudifudi, wawili wakakaa juu ya mugongo wangu, na mumoja wao alikuwa rafiki yangu. Aliniambia sikioni nitulie, muzee, ukisimama watakuunganisha naye.

Wakaleta bidoni, lile dumu la mawese. Wakasema kama hayana sumu, anywe yote. Yaya alikunywa mpaka mafuta yakatoka puani. Alitapika, wakamurudishia kinywani. Alikohoa mafuta na damu. Kisha PDG akasema mulozi hafi kwa dawa yake mwenyewe, na mutu akaenda kuchukua mupira. Ile mipira ya shimo ilikuwa imerundikwa pembeni, tayari kwa moto wa juma lile. Wakamuvika mumoja shingoni. Ulikuwa mukubwa, wa kamiyo, ukamuangusha chini kwa uzito wake. Petroli pia ilikuwa pale pale, ya kazi.

Nilimuomba Mungu kwa Kibangubangu, kwa Kiswahili, hata kwa yale maneno ya Waislamu ambayo jirani yangu alikuwa anasema alfajiri. Sikuchagua.

Sasa, watu wa kilio lazima wale nyama. Pembeni, watu wawili waliendelea kuchinja mbuzi, maana kazi waliyopewa ilikuwa mbuzi. Alikuwa mbuzi wa PDG, beberu aliyefungwa siku zote penye tundu la juu, pale moshi wa shimo unapotokea, ili asiende kula mihogo ya watu. Walikuwa wamemupasua tumbo na wanatoa vya ndani. Na desturi yetu pale mugodini, nyama yoyote ikichinjwa, mapafu na utumbo ni haki ya mupishi. Yule muchinjaji, sijui kama ni ujinga ao ni mazoea, aliyakata mapafu, akayainua, akageuka kutafuta sufuria ya yaya kama siku zote.

Yaya alikuwa amelala na mupira shingoni. Akayaona.

"Mbuzi huyu alikunywa mafuta yangu?"

Alisema polepole, mafuta yanamutoka. Watu hawakufahamu. Akarudia, na akasema muyalete hapa muyapasue. Nami toka chini nilipolazwa niliona yale mapafu. Mapafu ya mbuzi wa kijijini ni mekundu ya kufifia, laini, ukiyabonyeza yanarudi. Haya yalikuwa na madoa meusi kama nguo iliyorushiwa matope. Muchinjaji akayaweka juu ya jiwe, akapitisha kisu. Kisu kikakwama, kikakwaruza. Ndani kulikuwa na mafundo magumu, na maji meusi yakatiririka juu ya vidole vyake, na yule mutu aliyezoea damu akaifuta mikono majanini haraka kama aliyeshika mavi.

Yaya akasema yeye amekata mapafu ya mbuzi wote wa huu mulima, na wale wa penye tundu wote wako hivi, na alidhani ni majani yaliyoungua wanayokula. Kijana mumoja mwenye ujinga akasema, basi mbuzi naye alikula kwake. Wengine wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaoogopa. Aliyekaa mugongoni mwangu, rafiki yangu, aliinuka akamupiga yule kijana ngumi moja akaanguka.

PDG akasogea. Akachukua pafu mukononi, akalikamua. Akalitazama, akatazama turubai ya mudogo wake. Kisha kikohozi kikamushika pale pale mbele ya wote, kile alichokuwa anakificha, kikamukunja mpaka akapiga magoti, akatema juu ya muchanga. Kila mutu aliona rangi.

Mutadhani hasira ilizimika. Hapana. Ilibadilisha mutu tu. Mumoja akauliza, sauti ya chini, nani alileta mipira. Mwingine akasema, nani alitutuma mule na kikombe cha mafuta. Wale wale waliokuwa wamemushika yaya wakamuachilia, wakamugeukia mwenye shimo akiwa angali anakohoa. Walimupiga penye mbavu. Ule mupira walimuvua yaya, na niliona mikono ya watu wawili ikigombania nani amuvishe PDG. Sikuwazuia. Nilikuwa na kazi ya kuokota yaya wangu, na hata kama nisingekuwa na kazi nisingewazuia. Mama mwenye maiti, mama yake PDG, ndiye aliyejitupa juu ya mutoto wake, akavua nguo ya juu mbele ya wanaume, akawaambia wapite kwanza juu ya mwili wake yeye. Kwetu laana ya mama akivua nguo hakuna anayeitaka. Wakarudi nyuma. PDG akakimbia porini na taya limekwenda upande.

Dereva mumoja wa pikipiki alitubeba, yaya katikati yetu, mpaka Kasongo. Barabara munaijua. Kila shimo la barabara lilimuvunja upya. Hakulia. Alinitukana njia nzima, miye na shimo na dhahabu na baba wa aliyegundua dhahabu, na niliposikia matusi yamepungua ndipo nilipoogopa.

Hospitalini walifunga mukono, lakini homa ilimushika kifuani. Dokta alikuwa mwanamuke kijana, sawa binti yangu. Aliniambia yale mafuta waliyomulazimisha yalipita njia mbaya, yaliingia katika mapafu, na mafuta hayana kazi kule. Nikamuuliza: na yale tuliyokunywa sisi kuondoa moshi?  Akasema, muzee, chakula kina njia yake na pumzi ina njia yake. Mawese uliyameza yakaenda tumboni. Moshi ulikuwa kwingine kabisa, haukuyaona.

Kisha nikamusimulia mipira. Akavuta kiti. Alisema mwili umejengwa na vyumba vidogo sana vyenye uhai, vinaitwa seli, na ndani ya mapafu kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, kama askari wa usafi. Zikiona vumbi zinalifunika, zinalila. Lakini masizi ya moto kama ule yana vitu vingi, na kati yake wakati mwingine iko vijibomba vya kaboni, makaa yale yale lakini yamejikunja kama mukeka, membamba kupita unywele uliopasuliwa mara nyingi. Huko kwa wengine wanavitengeneza kwa makusudi kiwandani kwa ajili ya nguvu zake, wanavitia ndani ya betri na plastiki ngumu. Vile virefu na vigumu ndivyo vibaya. Askari anafungua kinywa ameze, kile kijibomba ni kirefu kuliko yeye. Hawezi kumeza, hawezi kutema. Kinamuchoma tumbo, anapasuka, asidi yake inamwagika juu ya wenzake. Wengine wanakuja kusaidia, nao wanachomwa. Pale walipopigana panabaki kovu, na kovu halipumui.

Nilimwambia hiyo ni vita. Akasema ndiyo, muzee, ni vita, nawe uliibeba mwenyewe ukaiteremusha.

Lakini hakutaka kunidanganya. Alisema mengi ya hayo wameyaona kwa panya na kwa seli ndani ya chupa, na kwa watu wangali wanatafuta. Na vumbi la jiwe letu jeupe linaua vilevile, liliua wachimbaji kabla ya mipira kuwako. Na moshi wenyewe una sumu zake. Hawezi kunyoosha kidole aseme ni jiwe, ni moshi, ao ni sindano za makaa zilizomuua fulani. Nikamuuliza kuhusu kifua changu, akaweka chombo chake mugongoni, akasikiliza. Aliniambia nisirudi shimoni. Dawa ya kufuta kovu hakunipa, na sikumuuliza tena.

Yaya alipona homa. Mukono ulibaki umepinda, hauinuki kupita bega. Lakini lilikuwako neno lililokuwa baya kuliko mukono. Habari ya sumu ilikuwa imetangulia Lusangi kwa pikipiki. Habari ya mapafu ya mbuzi haikupanda pikipiki. Alipokwenda kutazama shamba la mama yetu, wanawake sokoni walifunika sufuria zao, watoto walimurushia mawe, na wajomba wakatuma neno asilale mule kijijini. Mama anayeitwa mutoa sumu hana fasi ya kula, hana fasi ya kuzikwa.

PDG naye alikuwa Kasongo, anajitibisha taya na kifua. Wazee wa jamaa yake walikuja kwa binti yangu na maneno mazuri, wakaleta kitambaa, wakasema watachinja mbuzi ya kupatanisha. Yaya akawaambia ya kuwa mbuzi wao anawajua ndani. Hataki mbuzi, hataki kitambaa. Anataka yule mutu aende Lusangi, asimame mbele ya watu wa kijiji na mbele ya watu wa shimo, aseme kwa kinywa chake mwenyewe ya kuwa yaya hakutoa sumu. Wakasema mugonjwa hawezi njia ile. Yaya akasema yeye aliifanya na mufupa uko nje.

PDG akaja Lusangi. Ilikuwa kipindi cha jua, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa na kamba. Watu wa shimo walisimama upande mumoja, watu wa kijiji upande mwingine, na yaya alikaa katikati juu ya kigoda, mukono wake mubovu juu ya paja. Nami nilisimama nyuma yake na fimbo. Sikuileta kwa ajili ya kutembea.

Akaanza. Alitaja jina la yaya, kikohozi kikamukata.

"Huyo ni nani?" yaya akauliza. "Taja na baba yake."

Akataja na baba. Akafika pa kusema ya kuwa hakutoa, pumzi ikamuisha, ile sumu yenyewe haikusikika. Mutu akaleta kiti. Yaya akainua mukono wake muzima, yule mutu akasimama na kiti hewani.

"Sikusikia mwisho, mutoto wangu. Anza tena."

Akaanza tena. Kikohozi kilimukata tena, fasi nyingine. Mishipa ya shingo ilisimama kama kamba za shimo. Mama yake aligeuka akatazama ukuta. Mutu wa kijiji akanong'ona inatosha, na yaya hakumutazama. Kila mara neno lilipokatika, alisema kwa sauti ile ile ya kuitia watu chakula: anza tena. Mate yake yalikuwa na weusi, na damu kidogo. Watoto waliorusha mawe walikuwa mbele kabisa.

Mwishowe aliyasema yote kwa pumzi moja, jina, na baba, na kwamba huyu mama hakumupa mutu sumu, na kwamba moshi wa mipira yake yeye ndio ulioua. Hata waliokaa mbali walisikia.

Yaya akasema sasa mumupe kiti. Yule aliyekishika alikuwa amekwisha kukiweka chini na kukikalia, na hakuinuka haraka.